Somo la Vikundi: Nani Atakaa na Mtoto wa Sikoseli Mama Akienda Kazini?

Somo la mara hii halikutoka kwa kitabu. Limetoka kwa mama mmoja wa kikundi cha hapa kwetu kando ya Ziwa Victoria, na limetoka pia kwa kosa letu sisi wenyewe wafanyakazi wa jamii. Tunaomba mlisome mkiwa pamoja, pole pole, na mwenye kuongoza awape watu nafasi ya kuongea.

Lengo la somo: Tukimaliza, kila mmoja aweze kueleza sikoseli ni nini, aweze kumsaidia mzazi kutafuta mahali pa kumwacha mtoto mchana, na kikundi kiwe kimeamua jambo moja la kufanya.

Muda: Saa mbili. Mkiona ni mrefu, ligawanyeni mara mbili.

Vifaa: Vikombe viwili, maharagwe manne (mawili mekundu, mawili meupe), karatasi na kalamu.

SEHEMU YA KWANZA: KISA

(Mtu mmoja asome kwa sauti.)

Mama huyu huuza omena. Saa 11 alfajiri huwa yuko ufuoni kungoja mitumbwi, na saa 3 asubuhi amekwisha kuanika. Mume alienda mjini kutafuta kazi, hutuma pesa saa zile anapata. Wana mtoto wa kiume wa miaka 2 na nusu. Mtoto ana sikoseli. Alipokuwa na miezi minane vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba, akalia usiku kucha, na hospitalini wakampima damu na kusema jina la ugonjwa.

Mama mkwe ndiye alikuwa akikaa na mtoto. Mama mkwe alipofariki, shida ikaanza.

Mlezi wa kwanza aliona macho ya mtoto yana rangi ya manjano. Akasema huyo ataambukiza wengine. Mlezi wa pili alimchukua siku nne tu, kisha akamrudisha na mfuko wake wa nguo: "Huyu anakojoa kama bomba. Mimi nitafua mpaka lini?" Wa tatu alisema waziwazi: "Mama, mimi sina ubaya na mtoto wako. Lakini sitaki mtoto wa mtu anifie mkononi."

Wiki tatu mama alienda ufuoni na mtoto mgongoni, katika ule upepo na baridi ya alfajiri. Mtoto akashikwa na maumivu mara mbili. Mama akaacha kwenda. Akakula pesa za kununulia omena mpaka zikaisha, na mchango wa kikundi ukamshinda. Ndipo alikuja kwetu ofisini.

Sasa sikieni vile tulimwambia. Tulisema: "Kwa sasa usitaje jina la ugonjwa. Sema tu mtoto ni dhaifu kidogo. Akishazoeleka, utamwambia mlezi baadaye." Tulidhani tunamsaidia. Leo tunaona haya.

Mlezi wa nne alimpokea kwa shilingi 50 kwa siku. Ni mama mzuri, msafi, mwenye upendo. Wiki ya tatu, wakati wa mvua za masika, mtoto akawa moto. Mlezi akafanya vile mama yeyote angefanya. Alimvua nguo, akampanguza na maji baridi, akampa nusu tembe ya panadol, akamlaza. Mtoto alipolala alisema, basi, imepoa. Mama alifika saa 10 jioni akakuta midomo imekuwa myeupe na mtoto anaguna tu. Walipanda boda boda mpaka hospitali. Akaongezwa damu, akadungwa sindano za kuua vijidudu, akalala wodini siku tisa.

Mtoto alipona. Siku ya pili mlezi alikuja wodini na uji kwa thamosi. Sisi pia tulikuwa pale. Alitutazama akasema: "Mngeniambia. Mimi ningembeba huyu mtoto mgongoni nikimbie naye mpaka dispensari. Kwani mlidhani mimi ni mtu wa namna gani?"

Hatukuwa na jibu.

Maswali ya kuzungumza:
1. Walezi watatu wa kwanza walikataa. Kila mmoja aliogopa nini?
2. Mlezi wa nne alikosa wapi? Au hakukosa?
3. Ungekuwa wewe ndiwe mama, ungesema jina la ugonjwa au ungenyamaza? Kwa nini?

(Msikimbie swali la tatu. Wengine watasema wangenyamaza, na wana sababu. Wasikilizwe.)

SEHEMU YA PILI: TUUJUE UGONJWA WENYEWE

Mlezi haogopi mtoto. Anaogopa kitu asichokijua. Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kujua.

Damu yetu ina chembe nyekundu, za mviringo, laini, zinazopita hata kwa mishipa midogo sana. Kwa mtu wa sikoseli chembe hizi hujikunja na kuwa ngumu kama mundu wa kukatia nyasi. Ndiyo maana Kiswahili cha vitabu huuita selimundu. Chembe za umbo hilo hushikana na kuziba mishipa, kama takataka zinavyoziba mfereji. Mahali palipozibwa panauma sana: mikono, miguu, mgongo, kifua, tumbo.

Tena chembe hizo hufa haraka. Chembe ya kawaida huishi karibu siku 120. Ya sikoseli huishi siku 10 mpaka 20 hivi. Kwa hivyo mtoto hupungukiwa na damu, na zile chembe zinazovunjika ndizo huleta manjano kwa macho. Manjano hayo hayaambukizi mtu. Mtoto wa sikoseli anaweza kula sahani moja, kulala mkeka mmoja na kucheza na wengine, wala hakuna atakayeupata kutoka kwake.

Basi unatoka wapi? Hebu tufanye zoezi.

Zoezi la maharagwe. Kikombe kimoja ni baba, kingine ni mama. Katika kila kikombe weka harage moja jekundu na moja jeupe. Jekundu ni damu ya kawaida, jeupe ni ile ya sikoseli. Baba huyu na mama huyu hawaumwi, kwa sababu kila mmoja ana jekundu la kumlinda. Huenda hata hawajui. Sasa mtu afumbe macho, achote harage moja kwa kila kikombe. Hayo mawili ndiyo mtoto. Andikeni, rudisheni maharagwe, mchote tena. Fanyeni mara 20.

Mtaona yanatoka namna tatu. Mekundu mawili: mtoto hana kitu. Jekundu na jeupe: mtoto haumwi, lakini anabeba kama wazazi wake. Meupe mawili: mtoto ana sikoseli. Kwa wazazi wa namna hii, kila mimba ina nafasi moja kwa nne ya kutoa meupe mawili. Na kila mimba ni kuchota upya. Msiseme, "Wa kwanza ni mgonjwa, basi watatu wanaofuata wako salama." Vikombe havikumbuki.

Muone pia jambo hili: harage jeupe moja lilitoka kwa baba na moja kwa mama. Hakuna mtoto wa sikoseli aliyeletewa ugonjwa na mama peke yake. Na si kurogwa, wala si laana. Mume anayemfukuza mke kwa sababu hii anafukuza nusu tu ya sababu, na nusu ile ingine amebaki nayo mwenyewe.

Wengine huuliza, kwa nini sisi wa ziwa na watu wa pwani tunao zaidi kuliko watu wa milimani? Daktari Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali kuanzia mwaka 1949, akachapisha jibu mwaka 1954. Mtu anayebeba harage jeupe moja hulindwa kiasi na malaria kali. Mahali penye malaria nyingi, wenye kubeba walipona zaidi, wakazaa, na maharagwe meupe yakaongezeka. Lakini angalieni, mtoto mwenye meupe mawili hana ulinzi huo. Kwake malaria ni adui mkubwa.

SEHEMU YA TATU: MTOTO ANAHITAJI NINI MCHANA?

Wazazi wengi hudhani mlezi wa mtoto kama huyu lazima awe nasi. Hapana. Dawa nyingi hupewa nyumbani. Penisilini ya kuzuia maambukizi ni asubuhi na jioni, na huendelea angalau mpaka mtoto atimize miaka 5. Foliki asidi ni mara moja kwa siku. Kama kliniki imempa hidroksiurea, hiyo pia ni mara moja kwa siku. Zote mzazi anaweza kumpa mwenyewe kabla ya kutoka au akirudi. Kwa mlezi yanabaki mambo ambayo mtu yeyote makini anayaweza:

Maji. Mtoto anywe kidogo kidogo kutwa nzima, asingoje kuomba. Maji yakipungua mwilini, damu huwa nzito na chembe hujikunja. Mama alete chupa yake, mlezi ahakikishe imeisha na imejazwa tena na maji yaliyochemshwa.

Kukojoa. Figo za watoto hawa hazishiki maji vizuri, kwa hivyo hukojoa sana na wengine hujikojolea. Si ukaidi. Asichapwe, asifokewe, na hasa asinyimwe maji ili nguo zisilowe. Mzazi naye asimwachie mlezi mzigo huo. Alete nguo za kubadilisha za kutosha, na zilizolowa azifue mwenyewe jioni.

Joto la mwili. Sweta na soksi asubuhi na wakati wa mvua. Akilowa, abadilishwe mara moja. Asiogeshwe wala kupanguzwa na maji baridi, hata akiwa na homa. Na wakati wa jua kali awekwe kivulini.

Kucheza na kupumzika. Acheze, ni mtoto! Lakini akisema amechoka, aachwe akae. Asilazimishwe kukimbia na wengine.

Chakula na usafi. Uji, maharagwe, mboga, samaki, matunda, kama watoto wengine. Mikono ioshwe, choo kiwe safi. Ugonjwa wa kuhara humkausha maji haraka.

Chandarua. Akilala mchana, alale ndani ya neti.

Na mambo ya kukataa: asichanjwe kwa wembe ati damu mbaya itoke. Asipewe aspirini. Asipewe tembe za madini ya chuma kwa sababu mtu ameona amepauka, isipokuwa kliniki imeagiza. Upungufu wake wa damu hautoki kwa kukosa chuma.

SEHEMU YA NNE: KUTAFUTA MAHALI

Mtoto akifika miaka 4 anaweza kuingia PP1 katika chekechea. Chini ya hapo, huku vijijini, mahali ni patatu tu, na kila mahali pana faida na shida zake.

Jamaa. Nyanya au shangazi anamjua mtoto, na hahitaji kubembelezwa. Lakini nyanya mwenye macho hafifu anaweza kukosa kuona midomo ikiwa myeupe, na msichana wa miaka kumi na miwili asiachishwe shule kukaa na mtoto. Huko ni kutibu mmoja kwa kuumiza mwingine.

Jirani mwenye watoto wachache. Mara nyingi hapa ndipo pazuri zaidi kwa mtoto wa sikoseli. Macho ya mlezi hayajagawanyika sana, na yuko karibu.

Dekea ya sokoni. Ina saa ndefu na iko karibu na kazi ya mama. Lakini zingine zina watoto ishirini na mlezi mmoja, chumba kimoja, sakafu ya simiti yenye baridi, na mafua yanazunguka kutoka mtoto hadi mtoto.

Kabla ya kukubali mahali, mzazi aende mara mbili: mara moja kwa taarifa, na mara moja bila taarifa, saa za katikati ya mchana. Aende na mwenzake wa kikundi, maana macho manne huona zaidi. Aangalie haya:

1. Watoto ni wangapi, na walezi ni wangapi?
2. Maji ya kunywa yako wapi, na watoto wanakunywa lini?
3. Wanalala juu ya nini? Kuna neti?
4. Mlezi akienda sokoni au kisimani, nani anabaki?
5. Kutoka hapo mpaka dispensari au hospitali ni mbali kiasi gani? Wakati wa mvua barabara inapitika?
6. Mlezi ana simu, na huwa ina chaji?
7. Mtoto mwingine akijikojolea mbele yako, mlezi anafanya nini?

Swali la saba halina haja ya kuulizwa. Ukikaa saa moja utaliona mwenyewe.

SEHEMU YA TANO: KUSEMA UKWELI BILA KUTISHA

Hapa ndipo sisi tulikosea, kwa hivyo tukae hapa kidogo.

Ukimficha mlezi, unamnyima nafasi ya kuokoa mtoto wako. Lakini ukisema, "Huyu ana ugonjwa mbaya wa damu, anaweza kufa wakati wowote," hata wewe ungekataa. Ukweli una mpango wake. Anza na mtoto, halafu ugonjwa, halafu kazi yenyewe, halafu nani atasaidia.

Igizo. Watu wawili wasimame, mmoja awe mama, mwingine mlezi. Mfano:

Mama: Hodi dada. Nimekuja na mtoto wangu umwone. Anapenda sana kuku, ukiwa na kuku hutamsikia akilia.

Mlezi: Karibu mama. Mbona ni mdogo hivi? Ana miaka mingapi?

Mama: Miwili na nusu. Ni mdogo kwa sababu ana sikoseli. Nataka ujue leo, kabla hatujasema mambo ya pesa.

Mlezi: Sikoseli! Si ndiyo ile ilimaliza watoto wa yule jirani?

Mama: Ndiyo hiyo, dada. Ni ugonjwa mkubwa, sitakudanganya. Lakini haumbukizi, na siku nyingi huwa mzima kama hivi unamwona. Dawa nampa mimi nyumbani. Kwako nitaomba vitu vitatu: maji, nguo kavu, na unipigie simu akipata joto.

Mlezi: Na akizidiwa na wewe uko mbali?

Mama: Nimekuletea karatasi, imeandikwa yote. Mwenye boda boda anajulikana, na nauli iko kwa mweka hazina wa kikundi. Usingoje mimi. Mpeleke, nitakukuta huko huko.

Mlezi: Na mungu akimchukua, mtasema ni mimi?

Mama: Hatutasema. Na maneno hayo nayasema mbele ya huyu shahidi wangu.

Hili swali la mwisho ndilo linalokaa moyoni mwa kila mlezi, hata asipolisema. Lijibuni kabla halijaulizwa, mbele ya mtu wa tatu.

Baada ya igizo, badilisheni, wengine wafanye. Na mlezi mmoja akatae kabisa. Mzazi ajifunze kusema, "Asante dada kwa kuniambia ukweli," kisha aende nyumba ingine. Mlezi anayekubali kwa kulazimishwa ni hatari kuliko anayekataa.

Akikubali, mwanze na wiki moja ya kujaribu. Siku mbili za kwanza mama akae hapo hapo saa moja au mbili. Siku moja katika wiki hiyo, mlezi afuatane na mama kliniki au dispensari. Mwombeni muuguzi amwonyeshe mlezi namna ya kupapasa bandama, upande wa kushoto chini ya mbavu, na namna ya kutumia kipima joto.

SEHEMU YA SITA: KARATASI YA MTOTO

Andikeni kwa herufi kubwa, kwa lugha anayosoma mlezi. Kama hasomi, chorini picha na mmfundishe mpaka aweze kuwarudishia kwa mdomo. Karatasi moja ikae kwa mlezi, imefunikwa na nailoni, na ya pili ikae na kadi ya kliniki. Iwe na haya:

Jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, na maneno "ANA SIKOSELI." Dawa anazokunywa. Dawa asizopatana nazo, kama zipo. Simu ya mama, ya baba, na ya mtu wa tatu wa kikundi. Jina la hospitali, na simu ya mwenye boda boda.

Kisha dalili hizi za hatari. Mlezi akiona hata moja, asingoje jioni:

- Joto la digrii 38 au zaidi, au mwili ukiwa moto na hakuna kipima joto.
- Midomo, ulimi au viganja vimekuwa vyeupe ghafla.
- Tumbo limevimba ghafla, hasa upande wa kushoto. Damu inaweza kujaa katika bandama kwa muda mfupi sana.
- Anapumua haraka au kwa shida, au kifua kinauma.
- Mkono au mguu mmoja umelegea, mdomo umependa upande mmoja, hawezi kuongea, au ameshikwa na kifafa.
- Amelegea, haamki vizuri, au anatapika kila anachokunywa.
- Maumivu hayapungui baada ya dawa ambayo kliniki iliagiza.
- Kwa mtoto mvulana, uume umesimama na kuuma, na hautulii.

Juu ya homa tuseme tena, maana hapo ndipo mtoto wa kisa chetu alikaribia kupotea. Bandama za watoto hawa huharibika mapema, kwa hivyo hawana nguvu ya kupigana na vijidudu vingine. Kwa mtoto mwingine homa inaweza kungoja kesho. Kwa huyu haingoji. Panadol inaweza kushusha joto huku ugonjwa ukiendelea ndani, na watu wakadanganyika. Hospitali kwanza. Na mkifika, neno la kwanza kusema ni "Ana sikoseli," msingoje zamu ifike ndipo mseme.

SEHEMU YA SABA: KIKUNDI KIFANYE NINI?

Mtoto alipotoka wodini, tulikutana na kikundi cha yule mama. Wako 18. Tulipendekeza mfuko mdogo wa dharura. Mmoja akasimama akasema: "Kila mtu ana shida zake. Kwa nini pesa zetu sote zikae kungoja mtoto wa mtu mmoja?" Watu wakanyamaza, maana si yeye peke yake aliyewaza hivyo.

Kisha mzee mmoja, ambaye huwa haongei sana, akasema kwamba yeye alizika watoto wawili, kila mmoja kabla ya miaka 5, na macho yao yalikuwa ya manjano. Hakuna aliyewapima. "Sikujua jina lake mpaka leo," akasema. Akaketi.

Wakakubaliana shilingi 20 kwa kila mwanachama kwa wiki. Watu 18 ni shilingi 360 kwa wiki, na kwa wiki nne ni 1,440. Mfuko ni wa nauli ya hospitali kwa mtoto yeyote wa kikundi, awe na sikoseli, pumu, kifafa au malaria ya usiku. Mweka hazina huweka shilingi 500 tayari mkononi, na nyingine hubaki kwa akaunti. Anayetumia haulizwi maswali usiku, huleta maelezo kwenye mkutano.

Mambo mengine ambayo kikundi kinaweza:

Kumgawia mama kazi inayopatana. Wenzake sasa humpokelea omena yake ufuoni alfajiri, naye akishamwacha mtoto saa 2, huja kuanika yake na ya wale waliompokelea.

Kujiandikisha bima. NHIF iliisha mwaka 2024, na mahali pake pakaingia SHA. Kila mzazi ajiandikishe na awaandike watoto wake mapema, si siku ya kulazwa.

Kupima. Wazazi wenye mtoto wa sikoseli waombe watoto wote wapimwe. Mtoto akijulikana mapema huanza penisilini mapema, kabla ya homa ya kwanza kubwa.

Kudai haki. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, lishe na matibabu. Na katika Jedwali la Nne, elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto ni kazi ya serikali ya kaunti. Kwa hivyo mkiona wadi yenu haina mahali pazuri pa kuwaacha watoto, si kuomba msaada mkienda kwa mwakilishi wa wadi. Nendeni na barua, na idadi ya watoto mliowahesabu wenyewe.

Na kumshukuru mlezi. Yule mlezi wa nne alimpokea mtoto tena, karatasi ikiwa imebandikwa nyuma ya mlango wake. Tangu hapo amekimbia naye mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa malaria, mara ya pili kifua. Mara zote mbili mtoto alirudi nyumbani bila kuongezwa damu. Siku ngumu zingalipo. Kuna usiku mtoto analia kwa maumivu na mama haendi ufuoni. Lakini mama amerudi kazini, na mchango wake analipa.

MASWALI YA MWISHO

1. Katika kikundi chetu, au kati ya majirani, kuna mzazi aliyeacha kazi kwa sababu hana mtu wa kukaa na mtoto mgonjwa? Tumewahi kumuuliza?
2. Ni maneno gani tunayosema juu ya watoto hawa ambayo yanawafanya wazazi wafiche?
3. Mlezi wa kijiji chetu tunamlipa nini, na tunamheshimu vipi?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Wawili watembelee kila nyumba inayolea watoto mchana, wakiwa na yale maswali saba. Wawili waende dispensari kuuliza ni wapi kipimo cha sikoseli kinapatikana na siku za kliniki. Mweka hazina alete pendekezo la mfuko. Na kila mzazi, hata ambaye mtoto wake ni mzima, aandike karatasi ya mtoto wake. Mlezi hujua jina la mtoto. Mara nyingi hajui simu ya mama.